Mark X Yako: Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Mtu akiniuliza kama kijana wa Garissa ana haki ya kununua Mark X na kuiongezea nguvu, jibu langu ni ndiyo. Pesa ni zako na jasho ni lako. Ninachopinga ni mpangilio. Watu wanaanza na rimu na ekzosi, breki na rejeta zinaambiwa zingoje mwezi ujao. Napinga pia vile pesa zenyewe zinavyotoka kwenye simu: elfu tatu leo, elfu nane Ijumaa, na hakuna anayejumlisha.

Nguvu inunuliwe yadini

Mark X nyingi tunazoziona barabarani zina injini ya V6 ya lita 2.5, ile ya 4GR-FSE. Inatoka kiwandani na nguvu za farasi takriban 200, na haina turbo. Kwa injini kama hiyo, ekzosi mpya na chujio la hewa la kifahari vitakupa sauti. Nguvu itaongezeka kidogo tu. Hata kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, kazi ambayo mafundi wanaitoza vizuri, faida yake kubwa huonekana kwa magari ya turbo.

Toyota yenyewe ilitengeneza Mark X ya lita 3.5 yenye zaidi ya nguvu 300 za farasi. Kama kweli unataka mbio, ngoja, weka akiba, ununue hiyo. Itakula mafuta, lakini angalau nguvu yake ilipimwa na mainjinia pamoja na breki na gia boksi yake. Kulazimisha ya 2.5 iwe kitu ambacho si yake ni kumwaga maji mchangani.

Kuna hesabu nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Toyota ilifunga utengenezaji wa Mark X Desemba 2019. Maana yake, mlango wa kuleta mpya kutoka Japani unafungwa, na nyingi utakazopata zitakuwa zimeshatumika hapa hapa. Yaani utanunua pia chochote alichofanya mwenye gari wa kwanza: waya alizokata, springi alizokata ili gari likae chini, oili aliyosahau kubadilisha. Gari lililobadilishwa na mtu usiyemjua liulizie bei ya chini, usiongezewe bei ati kwa sababu "limefanyiwa kazi".

Joto letu halina mchezo

Sisi wa huku tunajua jua la Garissa. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 370, na ukishapita Mwingi barabara inanyooka na joto linapanda. Hapo ndipo rejeta iliyoziba na feni iliyochoka hujionyesha. Hapo pia ndipo ngamia au mbuzi anaweza kuvuka bila kukupigia honi. Gari likiwa na nguvu ya kukimbia na breki za kubahatisha, wewe si dereva, wewe ni abiria aliyeshika usukani.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza irudishe gari kama lilivyotoka kiwandani: oili ya injini, oili ya gia boksi, plagi, rejeta, mipira ya maji. Injini hizi hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hivyo vali za kuingiza hewa hujaa masizi. Muulize fundi kama zimewahi kusafishwa. Pili, matairi, breki na shoka. Tatu ndiyo nguvu, kama bado una hamu na pesa. Na kikomo cha mwendo kwenye barabara kuu hakibadiliki eti kwa sababu umebadilisha ekzosi.

Usisahau makaratasi. Ukibadilisha injini au rangi, NTSA lazima ijue. Kampuni ya bima nayo iambie mapema, kwa maandishi. Ukinyamaza kisha upate ajali, unampa mtu sababu ya kukataa kukulipa.

Pesa ikitoka kwenye simu

Dalali akiwa Mombasa na wewe uko Garissa, silaha yake ni haraka: "Kuna mtu mwingine anakuja na pesa saa hizi, tuma deposit." Usitume. Kwanza ingia eCitizen utafute rekodi ya gari NTSA: ni la nani, na jina la mkopeshaji limo ndani? Wengi wamenunua gari lililowekwa rehani bila kujua. Kisha mtume mtu unayemwamini alione, abti yako au rafiki aliye karibu, aende na fundi ambaye halipwi na dalali.

Pili, fahamu viwango. Tangu Agosti 2023, muamala mmoja wa M-Pesa mwisho wake ni KSh 250,000, na kwa siku KSh 500,000. Bei ya Mark X nzuri inapita hapo, kwa hivyo kazi hiyo ni ya benki kwa benki, kwa jina lile lile lililo kwenye logbook. Muuzaji akikuambia ugawanye pesa kwa namba za watu watatu, hiyo si biashara, kimbia. Kurudisha muamala kupitia 456 kumewekwa kwa aliyekosea namba. Hakutakuokoa kama ulimtumia tapeli kwa hiari na ameshatoa pesa. Ukishanunua, sheria inakupa siku 14 kubadilisha umiliki. Usiendeshe kwa jina la mtu mwingine mwaka mzima.

Tatu, fundi mlipe kwa Till ya gereji, si mkononi. Ule ujumbe ndio risiti yako siku spea ikivunjika na kila mtu kumkana mwenzake.

Na la mwisho, lenye uzito kuliko yote: usijenge gari kwa mkopo wa simu. Ada zake hukua kila siku na rimu hazikulipi chochote. Kwa wengi wetu huku kuna pia swali la riba, na hilo kila mtu analijua moyoni mwake. Tuna ayuuto tayari. Zamu yako ikifika, sehemu moja nunua breki, nyingine iweke kando kwa ajili ya rejeta.

Kabla ya kununua kitu kingine chochote cha gari, piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako ya miezi sita. Jumlisha kila shilingi iliyoenda kwa fundi, spea na madalali. Elfu nne kwa wiki inaonekana kidogo, lakini kwa wiki 26 ni KSh 104,000. Ukiiona jumla hiyo imeandikwa, jiulize swali moja tu: katika pesa hizo, ngapi zilienda kwa breki?