Mizani haimtukani mama

Wamama wapenzi, juma hili tuongee juu ya mizigo, kwa sababu wengi wetu wanajitayarisha kusafiri, wengine kwa ndege kutoka Kalemie ama Kindu, wengine kwa lori. Kabla ya safari sisi wote tunauliza bei ya tiketi. Kilo hatuziulizi, na kumbe kilo ndizo zinazoua.

Tuanze na zile ndege ndogo za watu chini ya ishirini. Mfanyakazi anaweza kumwomba mama apande juu ya mizani na mtoto wake mgongoni, watu wote wakitazama. Wengine wetu wanaona haya, wengine wanakasirika. Si matusi, mama. Rubani anapaswa kujua uzito wote, na tena ajue umekaa wapi, mbele ama nyuma, kwani ndege ni kama mtumbwi: wote wakisogea upande mmoja, inakosa usawa. Joto nalo linaongeza shida. Hewa ya moto ya mchana haibebi ndege vizuri kama hewa ya baridi ya asubuhi, na pale kiwanja ni kifupi, kilo mia zilizofichwa zinaweza kuizuia kupanda juu. Ukiambiwa hama kiti, hama.

Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo ilianguka karibu na kiwanja cha Bandundu. Watu 20 walikufa, mmoja tu akapona. Huyo alieleza kwamba abiria mmoja alikuwa ameficha mamba mzima ndani ya mfuko. Mamba akatoka, watu wakakimbia kwa woga, ndege ikakosa usawa ikaanguka. Kuna wanaocheka wakisikia habari hiyo. Sisi hatucheki, maana tunajua vitu vinavyopita chini ya vitenge vyetu.

Mafuta ya mawese tunayapenda kupelekea jamaa, lakini bidoni ya litri 20 ina kilo kama 18 za mafuta, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Soma kwanza kwenye tiketi umepewa kilo ngapi, kisha ununue bidoni ya pili kama bado unataka. Petroli na gesi hazipandi ndege kabisa. Makala pia usiyafiche ndani ya valizi, yanaweza kushika moto yenyewe. Betri ya kuchajia simu kaa nayo mkononi, usiiweke katika mzigo unaokwenda chini ya ndege. Na mama mwenye mimba kubwa aulize mapema kama wanataka barua ya daktari, asirudishwe akiwa amekwisha kulipa.

Barabarani ni mbaya zaidi, kwa kuwa pale hakuna anayempima mama. Dereva anapanga magunia ya muhogo na ndagala mpaka yanapita urefu wa kichwa cha gari, halafu anauza nafasi juu yake kwa bei ndogo. Lori la mzigo mrefu linayumba kwenye kona. Likiingia kwenye matope linainama upande, na likipinduka, magunia yanawafuata walioanguka. Mtoto aliyelala juu pale hana cha kushika. Tunasema wazi: mama mwenye mtoto asipande juu ya magunia, hata kama safari ni ya saa moja.

Mtauliza, tutoe wapi franga za kukaa mbele? Swali ni la haki. Kuna vikundi ambavyo wamama watano wanaungana: magunia yote yanakwenda pamoja, mama mmoja anayasindikiza, analipiwa kiti kando ya dereva, na wanne wanabaki nyumbani na watoto. Nauli tano za juu ya magunia zinakuwa nauli moja ya mbele. Magunia yahesabiwe mbele ya dereva, kila moja litiwe alama ya mwenyewe kwa rangi, na karatasi iandikwe mbili: moja kwa dereva, moja kwa msindikizaji. Safari nyingine zamu ni ya mwenzake. Mwenye kunyonyesha zamu yake ingoje, hakuna haraka.

Katika mkutano ujao tutakuwa na mizani ya sokoni. Wanaosafiri mwezi huu walete valizi zao zikiwa zimejaa, tuzipime pamoja.