Taifodi sugu: Asiyeoteshwa damu hayumo kwenye ramani

Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya bakteria wa homa ya matumbo, yaani taifodi. Walisoma zaidi ya sampuli 1,800 kutoka nchi 63. Karibu nusu zilikuwa za ukoo mmoja, H58, ulioanzia Asia ya Kusini, ukaingia Afrika Mashariki, kisha ukateremka kusini mwa bara. Wengi wa ukoo huo hawasikii tena kloramfenikoli, ampisilini wala Septrin.

Wamejuaje? Bakteria huyu ana herufi za vinasaba zipatazo milioni 4.8. Mara chache herufi moja hubadilika, na badiliko hilo hurithiwa. Wanaofanana sana ni ndugu wa karibu, waliotofautiana zaidi waliachana zamani. Hivyo ndivyo safari yao inavyochorwa.

Faida yake iliyaonekana Malawi. Kati ya 1998 na 2010, hospitali kuu ya Blantyre ilikuwa ikithibitisha wastani wa wagonjwa 14 wa taifodi kwa mwaka. Mwaka 2013 walifika 843, na vinasaba vikaonyesha kuwa H58 ndiye aliyeingia. Chanjo mpya ikajaribiwa kwa watoto wa mji huohuo, ikazuia takriban visa 8 kati ya 10, na mwaka 2023 Malawi ikaanza kuitoa nchi nzima.

Tusidanganyike kwamba siri ya Blantyre ni mashine ya bei mbaya. Siri ni kwamba hospitali hiyo iliotesha damu ya wagonjwa maabara mwaka hadi mwaka, ikatunza bakteria waliopatikana. Bila bakteria mkononi, hakuna vinasaba vya kusoma.

Katika zahanati nyingi za kwetu, mwenye homa hupimwa kwa Widal, kipimo ambacho mara nyingi husema taifodi ipo wakati haipo. Anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Kama kweli alikuwa na bakteria sugu, hakuna atakayejua.

Sasa tazameni kioja hiki. Mwenzetu anayeishi Uingereza akienda kusalimia nyumbani, akarudi na taifodi, bakteria wake husomwa herufi kwa herufi. Huko imekuwa kazi ya kawaida tangu 2014. Shangazi yake aliyekunywa maji ya kisima kilekile hayumo popote. Ndiyo maana watafiti hulazimika kutumia sampuli za wasafiri kujaza mapengo ya nchi zetu.

Pengo kwenye ramani si dalili ya afya njema. Linawafaa wakubwa tu, kwa kuwa ugonjwa usiohesabiwa haudai bajeti ya maji safi wala ya chanjo. Tunachodai si makuu: kila hospitali ya mkoa iweze kuotesha damu, na majibu yatangazwe. Shangazi naye ahesabiwe, bila kungoja mpwa wake apande ndege.