Vituo vya malezi vya Kiembeni vyahitaji hazina, si leseni tu

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Huku Kiembeni, upande wa Kisauni, ukweli wa methali hii hudhihirika kila alfajiri. Akina mama wanaofanya kazi katika mahoteli ya Bamburi na Nyali, madukani, sokoni na katika nyumba za watu, hupita kwanza kwa jirani aliyefungua chumba cha kulelea watoto. Humkabidhi mtoto, chupa ya uji na nguo za kubadilisha, kisha wakakimbilia matatu. Miongoni mwao wamo wanafunzi wa vyuo waliojifungua kabla ya kuhitimu, na walimu ambao likizo yao ya uzazi ya miezi mitatu imekwisha. Pasipo jirani huyo, wa kwanza asingesoma na wa pili asingefundisha.

Maoni yangu ni kwamba kazi ya mama huyu ni huduma ya umma, na yafaa isaidiwe kwa fedha za umma. Kwa sasa imeachwa ijitafutie mikopo kama vile ni biashara ya kuuza mitumba.

Mimi ni mwanaisimu, hivyo msomaji aniwie radhi nikianza na maneno. Mahali hapo hatujapaita jina moja. Mmoja husema deikea, mwingine nasari, na wengi husema tu "kwa mama fulani". Neno chekechea halifai, kwa maana hilo ni la shule. Mama mwenyewe tungemwita mlezi, lakini katika fomu za shule zetu mlezi ni yule asimamaye mahali pa mzazi. Tukimwita yaya, tunamfanya mtumishi wa nyumba moja, ilhali yeye huhudumia nyumba kumi. Aghalabu kisicho na jina hakipati fungu katika bajeti. Afisa wa elimu husema hiyo si shule, na afisa wa biashara husema ni biashara kama nyingine, alipe leseni.

Hata hivyo, sheria kuu ya nchi ilikwisha kulipambanua jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na pia, kwa kutajwa mbali na elimu hiyo, vituo vya kulelea watoto. Wajibu wa kwanza umeshughulikiwa, ijapokuwa kwa kusuasua: kaunti zimejenga madarasa na kuajiri walimu. Lakini mtoto huingia darasa la kwanza la chekechea akiwa na umri wa miaka minne. Baina ya miezi mitatu ya likizo ya mama na miaka minne hiyo, mtoto wa mfanyakazi wa Kiembeni hana mahali pa umma pa kupelekwa.

Huenda mtu akauliza: je, mikopo ya serikali haipo? Ipo. Hazina ya Wanawake ilianzishwa mwaka 2007, Hazina ya Uwezo mwaka 2013, na Hazina ya Hasla ikazinduliwa Novemba 2022. Natutazame mkopo wa mtu binafsi wa hazina hii ya mwisho, ambao ndio rahisi kuupata kwa simu. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, jambo la kusifiwa, lakini hulipwa katika muda wa siku 14. Tufanye mfano wa mama mwenye watoto kumi, kila mmoja akilipiwa shilingi 100 kwa siku. Katika majuma mawili, akifanya kazi siku sita kwa juma, atapokea shilingi 12,000, na humo mna kodi, maji, chakula na ujira wa msaidizi. Akikopa shilingi 20,000 atengeneze choo na kununua magodoro, hata akilaza watoto kwa njaa hawezi kulilipa deni hilo kwa wakati. Mkopo wa aina hiyo humfaa mchuuzi wa samaki, ambaye mtaji wake hurudi jioni. Mtaji wa malezi hauna jioni ya kurudi. Faida yake huonekana miaka mingi baadaye, na haimwendei aliyekopa.

Je, kuna njia nyingine? Mombasa yenyewe ilikwisha kuionyesha. Mwaka 1986, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kumwomba Aga Khan msaada, ulianza mpango wa shule za awali za madrasa, naye Bi Swafiya Said akawa mwalimu wake wa mwanzo. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Hizo zilikuwa shule, si vituo vya kulelea vichanga, lakini somo lake la fedha linatuhusu. Wanajumuiya walichanga, mfadhili akaongeza juu ya mchango wao, fedha zikawekezwa, na faida ikasaidia kuendesha shule. Sambamba na hayo, walimu walifundishwa na kutembelewa darasani. Nani asiyeona kwamba kaunti yaweza kusimama mahali pa mfadhili huyo?

Hivyo basi napendekeza kaunti ya Mombasa itunge sheria ya vituo vya malezi, kama Nairobi ilivyofanya mwaka 2017, na ndani yake iweke hazina maalumu. Akina mama wa Kiembeni wanajua kucheza mchezo wa fedha. Kila shilingi watakayoweka kwa ajili ya vituo vyao, kaunti iongeze yake. Kituo kipya kisamehewe leseni ya biashara mpaka kisimame, na badala ya askari wa kaunti wa kufunga mlango, atumwe mkaguzi mwenye kufundisha usafi, lishe na michezo. Nasisitiza sheria kwa sababu ahadi ya mwanasiasa hufa pamoja na muhula wake. Mwaka 2007 serikali ya Mexico ilianza kuwapa wanawake ruzuku ya kugeuza nyumba zao kuwa vituo vya malezi. Alipokuja rais mwingine, mpango huo ukavunjwa mwaka 2019.

Wapo watakaosema kwamba kulea ni kazi ya bibi nyumbani. Bibi wa mtoto wa Kiembeni yuko Kaloleni, Taita au Kitui, naye mama anaishi katika chumba cha kupanga. Wengine watasema kaunti haina fedha. Basi na ianze kwa kutomtoza anayeifanyia kazi yake.

Nanyi walimu, msidhani jambo hili ni la akina mama pekee. Mtoto aliyefungiwa ndani mchana kutwa na dada yake wa miaka tisa atakuja kwenu akiwa hajui kuzungumza na wenzake, na dada huyo ndiye mwanafunzi mnayeandika kila siku kwamba hakuhudhuria. Katika vikao vya maoni kuhusu bajeti ya kaunti, nendeni mkaulize fungu la vituo vya malezi liko wapi.