Kadutu: Komisioneri asishike makaratasi ya nyumba

Kwenye kuta nyingi za Kadutu kunasomeka maneno ya rangi: nyumba hii haiuzishwi. Mgeni akiyasoma anashangaa, maana ni nani anaandika juu ya nyumba yake kwamba haiuzishwi? Mwenyeji hashangai. Maneno yale yanamlenga ndugu anayeuzisha nyumba ya baba bila kuambia wengine, na komisioneri anayemuletea mununuzi saa za jioni.

Sasa wenye nyumba wengi hawako. Tangu Februari 2025, wakati M23 iliingia Bukavu, kuna familia zilizokimbilia Burundi, zingine Kinshasa, zingine kwa jamaa vijijini. Mtoto akigonjwa kule, ao kodi ikikosekana, mawazo yanarudi kwenye nyumba iliyobaki Nyamugo ao Cimpunda. Simu ya kwanza inapigiwa komisioneri: tafuta mtu. Hapo ndipo wizi unaanzia.

Namna yenyewe inajulikana. Tuseme mwenye nyumba anaomba dola 6.000. Komisioneri anamwambia mununuzi dola 8.000. Kisha anamrudilia mwenye nyumba na sauti ya huruma: vita imeangusha bei, mtu aliyepatikana ana 4.500 tu, tena ni leo ao basi. Mama aliye mbali, na mtoto mgonjwa mikononi, anakubali. Dola 3.500 zinabaki njiani, na juu yake komisioneri anadai komisyo pande zote mbili. Yote hayo yanawezekana juu ya jambo moja tu: mwenye nyumba na mununuzi hawajaongea. Namba ya simu ya mununuzi ingetosha kuharibu biashara nzima, ndiyo maana haitolewi kamwe.

Watetezi wao wanasema komisioneri naye ni baba wa watoto, na kazi hakuna mjini. Ni kweli. Basi atembeze wageni kwenye ngazi na matope ya Kadutu, na alipwe juu ya miguu yake, bei ya kazi hiyo ikipatanwa mbele. Hakuna anayemkatalia. Lakini kupanga bei ya nyumba, kupokea feza na kulala na makaratasi ya watu si kazi yake.

Maana katika sheria hana kiti. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Raia anauzisha nyumba na haki yake juu ya parseli, na haki ile inathibitishwa na hati ya usajili, ile watu wanaita setifika. Jina linabadilishwa kwa konsevateri. Komisioneri hana muhuri hata mmoja kwenye njia hiyo. Akishapata komisyo anaenda, na mununuzi anabaki na karatasi ya mauzo iliyoandikwa kwa mkono.

Tena Kadutu wengi hawana setifika. Wana fishi ya parseli, ao mkataba wa zamani wa marehemu baba, ao hawana kitu tangu moto ulipochoma nyumba za mbao. Kwao ushahidi ni watu: jirani ambaye ukuta wake unagusa ukuta wao, mzee aliyeona msingi ukichimbwa, shefu wa avenyu. Anayetaka kuuzisha aanzie kwao. Mara nyingi mununuzi mwenyewe anatoka palepale: jirani anayetaka kupanua, ao mtoto wa avenyu anayetaka kuoa. Komisioneri analipwa kumleta mtu ambaye jirani angemuita kwa sauti.

Halafu nyumba si ya mtu mmoja. Sheria ya familia inadai bwana na bibi wakubaliane kabla ya kuuzisha. Mzazi akifariki, watoto wote ni warithi, wasichana sawa na wavulana. Dada aliyeko Bujumbura ana sauti ileile ya kaka aliyebaki Kadutu. Aliye mbali atume prokirasyo kwa jamaa, bei ikiandikwa ndani, setifika ya asili ikibaki mikononi mwake mpaka siku ya kulipwa. Mabenki yalifungwa mjini, kwa hiyo feza zinatembea mkononi ao kwa simu. Sababu zaidi ya kulipana mbele ya mashahidi wa pande zote mbili.

Kuna lililo gumu zaidi. Wanaoshika mji wameweka gavana wao na viongozi wao. Muhuri wa leo, nani ataukubali kesho? Wazee wanakumbuka wakati wa RCD, toka 1998 mpaka 2003, na mashitaka ya viwanja yaliyofuata. Kwa familia ambayo inaweza kungojea, kupangisha ni bora kuliko kuuzisha. Hapo pia komisioneri yuko mlangoni, lakini sheria ya 31 Desemba 2015 imeweka mpaka: garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu.

Kwa wasioweza kungojea, kazi iko kwa mashefu wa avenyu. Kabla ya kutia sahihi, waite majirani, wasome jina la muuzishaji, bei na majina ya warithi kwa sauti, na simu ya aliye mbali iwe wazi ili yeye mwenyewe aongee na mununuzi. Inachukua asubuhi moja. Shefu anayekataa aulizwe ni nani aliyemlipa.