Salamu Hazitamtetea Binti wa Budalangi

Ajenti wa kazi za Ghuba akifika Port Victoria huwaambia wasichana wetu: jifunze salamu chache za Kiarabu, mengine utayajulia hukohuko. Wazazi wanaamini, hata walimu wanaamini. Imani hiyo ni ya hatari, na ni aibu kuikubali hapa mpakani, tunakojua vizuri lugha ya jirani ni ya kazi gani.

Mama anayevuka Busia au Malaba kuchukua ndizi na mahindi Uganda hategemei salamu za "mulembe" wala "yoga". Anajua kuhesabu, kuuliza bei na kuikataa. Akitozwa ushuru asiodaiwa, hubisha kwa Kisamia, Kiteso au Kiganda mpaka aeleweke.

Binti yake anapelekwa Riyadh au Jeddah kwa mkataba wa miaka 2 bila hata nusu ya ujuzi huo. Kule ukaazi wake unamtegemea mwajiri. "Assalamu alaykum" ataitoa kila asubuhi. Mshahara ukicheleweshwa atasema nini? Akiugua je? Wangapi wamesimulia walivyonyang'anywa simu walipofika tu! Simu ikienda, programu ya kutafsiri nayo imekwenda. Kanuni za Saudi Arabia zinamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, na zinampa mtumishi wa nyumbani mapumziko ya kila wiki. Haki asiyeweza kuidai kwa mdomo wake itamfaa nini?

Wapo wanaoshikilia kwamba salamu huleta mapenzi. Huleta, kwa mwajiri mwema, na huyo angemhurumia binti hata kama hajui neno. Maandalizi yanahitajika kwa ajili ya yule mkatili.

Basi binti aanze na "ana mariida", mimi ni mgonjwa. "Fein jawazi?", pasipoti yangu iko wapi? "Abgha ratibi", nataka mshahara wangu. Ajue kuhesabu riyali, kusoma tarakimu za Kiarabu jinsi zinavyoandikwa kule, na kuutaja ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh. Vyuo vya ufundi vya Kaunti ya Busia viyafundishe haya, viwaite walimu wa madrasa wasaidie.

Nawe mzazi, kabla hujauza ng'ombe umlipe ajenti, mwambie binti yako adai mshahara wake kwa Kiarabu mbele yako. Akishindwa, asipande ndege kwanza.