Filamu ya Mapanki: Hasira ya Dola Si Athari ya Kisiasa

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu, na hata katika semina za asasi za kiraia, kwamba mtu akitakiwa kueleza athari ya kisiasa ya filamu huanza kwa kuhesabu kelele. Ataorodhesha tuzo, atataja mawaziri waliokasirika na nchi zilizoipiga filamu marufuku, kisha atahitimisha kwamba kazi hiyo "ilitikisa". Ilitikisa nini? Hapo kalamu husimama. Nashikilia kwamba namna hii ya kufikiri ni mbovu na kwamba inawafaa watawala kuliko inavyowafaa watawaliwa. Sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Upo Mwanza, katika mkasa wa filamu ambayo Watanzania wengi waliibishania bila kuitazama.

Nazungumzia Darwin's Nightmare, filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iliyotoka mwaka 2004. Wengi wetu tunaijua kwa jina tulilolipa wenyewe: filamu ya mapanki. Inaonesha Ziwa Victoria baada ya sangara, samaki wa kigeni aliyepandikizwa humo wakati wa ukoloni katika miaka ya 1950, kuenea mno kuanzia miaka ya 1980 na kumaliza aina nyingi za furu. Inaonesha viwanda vinavyochuna minofu kwa ajili ya soko la Ulaya, na ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin zinazotua Mwanza kuichukua. Inaonesha watoto wa mitaani, wanawake wanaojiuza kwa marubani, na mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu. Na inaonesha mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuchunwa, yakianikwa juani huku funza wakitambaa, ili yakaangwe na kuuzwa kwa wasioweza kununua samaki mzima. Juu ya hayo yote filamu inaning'iniza swali moja zito: je, ndege hizo huja tupu, au huja na silaha kwa ajili ya vita vya Afrika?

Filamu ilipata tuzo za Ulaya, ikapata César nchini Ufaransa, na mwaka 2006 ikateuliwa kuwania Oscar. Oscar ya mwaka huo ilikwenda kwa filamu ya ndege wa barafuni, pengwini. Nchini Ufaransa kulikuwa na wito wa kususia minofu ya sangara. Kwetu, mwishoni mwa Julai 2006, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani kwamba imelichafua taifa. Bungeni nako ililaaniwa, na mjini Mwanza watu waliandamana kuipinga. Mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyezungumza ndani ya filamu aliandamwa na vyombo vya dola, hata uraia wake ukatiliwa shaka. Kwa kipimo cha kelele, basi, hakuna filamu iliyowahi kuwa na athari kubwa zaidi ya kisiasa katika nchi yetu.

Lakini tuulize kelele hizo zilihusu nini. Zilihusu mambo mawili: bunduki, na jina la nchi. Kuhusu bunduki, ugomvi ulivuka bahari. Mwanahistoria wa Kifaransa, François Garçon, alichapisha makala na kisha kitabu akidai kwamba Sauper hakuthibitisha chochote. Sauper alimshtaki kwa kashfa, hasa kwa dai kwamba watoto walilipwa ili waigize, na mahakama za Paris zikampa haki Sauper. Wasomi wa Ulaya wakagawanyika kambi mbili, kila moja ikichambua picha kwa makini kama wakili anavyochambua hati. Kuhusu jina la nchi, sisi tuligawanyika vilevile: wazalendo upande huu, wasaliti upande ule.

Katikati ya mapambano hayo, mapanki yalibaki pale pale juani. Jambo lililokuwa la uchumi wa siasa, yaani kwa nini mtu anayeishi kando ya ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 ashindwe kununua samaki wa ziwa hilo, liligeuzwa kuwa swali la heshima: je, ni kweli watu wa Mwanza wanakula mapanki, au hayo ni malighafi ya chakula cha mifugo? Tazama jinsi swali lilivyobadilishwa. Swali la kwanza linamtaka mtawala ajibu kuhusu leseni, bei, mikataba na ujira wa viwandani. La pili linamruhusu ajibu kwa kukanusha tu. Akishakanusha, anaonekana shujaa wa taifa, na anayeuliza zaidi anaonekana kibaraka.

Ndiyo maana nasema hasira ya dola si athari ya filamu. Mara nyingi hasira hiyo ni njia ya dola kuikwepa athari. Serikali inayokasirika haijaguswa lazima. Huenda imepata mahali pazuri pa kujificha. Mwanafunzi anayeandika kwamba filamu ilikuwa na athari kubwa kwa sababu Rais aliikemea anapokea tafsiri ya Rais mwenyewe, kwamba jambo lililokuwa hatarini ni sura ya nchi, wala si tumbo la raia.

Sitaki hata hivyo kuiachia lawama yote Serikali, kwani filamu yenyewe iliufungua mlango huo. Sauper alitazama Mwanza na kuona wahanga. Alimwona mtoto mwenye njaa, mwanamke aliyekata tamaa, mlinzi anayeomba vita vije ili apate ajira. Hao wapo, wala sisemi aliwabuni. Lakini huwaoni wavuvi wakikusanyika mwaloni kujadili bei ya sangara. Humwoni mfanyakazi wa kiwandani akidai mkataba, diwani akibanwa na wapiga kura, wala mchuuzi akigombana na ofisa wa ushuru. Yaani humwoni mwananchi kama mtu wa siasa. Watazamaji wa Paris na Vienna walipewa mji usio na wenyewe, mji wa kuhurumiwa. Na huruma haina anwani: haijui ipeleke dai lake katika ofisi gani. Mtazamaji akitoka ukumbini, jambo pekee analoweza kufanya ni kuacha kula sangara, na kwa kufanya hivyo anamuumiza kwanza mvuvi yule yule aliyemhurumia.

Ili hoja yangu isionekane kuwa ya kukata tamaa, nailinganisha na filamu nyingine ya wakati ule ule. Mwaka huo huo wa 2006, Rachid Bouchareb alitoa Indigènes, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini walioipigania Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Siku filamu ilipoanza kuoneshwa katika kumbi za Ufaransa, mwezi Septemba, serikali ya Rais Jacques Chirac ilitangaza kwamba pensheni za askari wa zamani kutoka makoloni, za ulemavu na za upiganaji, zitalingana na za wenzao Wafaransa. Watu wengi husimulia kisa hiki kama muujiza wa sinema: Chirac alitazama, akaguswa, akatoa amri.

Muujiza huo ulikuwa na historia. Pensheni zile zilikuwa zimegandishwa kwa sheria ya mwaka 1959. Maveterani na watetezi wao walikuwa wamedai kwa miaka mingi, na mwaka 2001 mahakama kuu ya mambo ya utawala ya Ufaransa ilikuwa imekwisha amua, katika shauri la askari Msenegali, kwamba kuwabagua kwa misingi ya uraia hakukubaliki. Lilikuwapo dai lenye wenyewe, ilikuwapo hukumu, na ulikuwapo mfuko wa fedha unaojulikana ambao ofisi fulani ilikuwa na mamlaka ya kuufungua. Filamu ilikuja kusukuma mlango ambao wengine walikuwa wameshaulegeza bawaba. Hata hivyo haukufunguka wote: malimbikizo ya miaka iliyopita hayakulipwa, na ilibidi mahakama ya katiba iingilie tena mwaka 2010 kabla ubaguzi uliobaki katika sheria ya pensheni haujaondolewa. Lakini mzee wa Kiafrika aliyekuwa akipokea kiasi cha aibu alianza kupokea zaidi. Hiyo ndiyo athari, kwa maana ina tarehe, ina kiasi na ina mpokeaji.

Turudi sasa ziwani na tuulize nini kimewahi kuibadilisha sekta ya sangara kwetu. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hoja za vimelea vya magonjwa na kisha za uvuvi wa sumu. Hapakuwa na hotuba za uzalendo wala maandamano. Ukaguzi uliimarishwa, viwanda vikarekebishwa na mialo ikaboreshwa. Dola ile ile ambayo mwaka 2006 ilijibu kwa ghadhabu, miaka michache kabla ilikuwa imejibu kwa kazi. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa Ulaya alikuwa na dai mahususi na uwezo wa kuumiza asiposikilizwa, ilhali mlaji wa mapanki alikuwa na kamera iliyomtazama tu. Kwa hiyo minofu ya mlaji wa mbali ikawa salama zaidi, na chakula cha mlaji wa karibu kikabaki jinsi kilivyokuwa.

Je, dola haikujifunza lolote kutokana na filamu? Mambo yaliyofuata katika sheria zetu yanaonesha inachokithamini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, na miongoni mwa masharti mapya, mgeni anayepiga filamu nchini anatakiwa kukubali kwamba Serikali inaweza kuitumia kazi yake kuitangaza nchi. Sidai kwamba kifungu hicho kilitungwa kwa ajili ya filamu moja ya mwaka 2004. Nasema kimetoka katika fikra ile ile: kwamba tatizo ni picha, na dawa ya picha mbaya ni kuimiliki picha. Mahali ambapo wananchi hawakuigeuza filamu kuwa dai, dola hubaki huru kuigeuza kuwa hoja ya udhibiti.

Najua wapo watakaoniambia kwamba naidai filamu mambo yasiyo yake. Watasema filamu si muswada wala si mgomo, na kwamba kazi yake ni kuamsha dhamiri, nazo dhamiri huchukua muda. Hoja hiyo ina uzito, nami siwezi kuipuuza. Ni kweli kwamba neno "mapanki" lilitoka pembezoni mwa viwanda vya Mwanza na kuingia katika lugha ya siasa ya taifa zima, likawa jina fupi la uchumi unaosafirisha kilicho bora na kutuachia mifupa. Hilo si dogo, kwa sababu watu hawawezi kupigania jambo wasilolipatia jina. Lakini jina ni mwanzo tu. Dhamiri iliyoamshwa isipopata chama, baraza la kijiji, wakili au mbunge wa kuibebea hoja, hurudi kulala, na safari hii hulala ikijiona imekwisha timiza wajibu.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wanaoandika insha juu ya filamu na siasa waache kuanzia kwa tuzo na hotuba. Waanze kwa kuuliza nani alikuwa na dai kabla kamera haijafika, na kama filamu ilimpa sauti au ilimnyamazisha kwa kumhurumia. Waulize ofisi gani ilikuwa na mamlaka ya kulijibu dai hilo, na kama kuna aliyeibisha hodi baada ya onesho. Mwisho wafuatilie sheria, bei, mishahara na bajeti za miaka iliyofuata. Wasipoona badiliko lolote, wawe na ujasiri wa kuandika kwamba filamu ilivuma bila kubadili kitu, hata kama wanaipenda.

Wanaharakati nawaomba wasifanye onesho la filamu kuwa ndilo tukio. Onesho lisilo na madai yaliyoandikwa, na bila mtu aliyepewa kazi ya kuyapeleka, ni burudani ya watu wenye uchungu. Watumishi wa umma nao nawakumbusha kwamba kila wanapoandika taarifa ya kukanusha, kuna mkurugenzi anayeshukuru kimyakimya kwa sababu hakuulizwa takwimu.

Sangara bado anagawanywa. Minofu inaendelea kusafirishwa, na sasa mabondo, ambayo zamani hayakuthaminiwa sana, yanatafutwa kwa bei kubwa kwa ajili ya masoko ya Asia. Serikali ilipoingia ziwani kwa kishindo mwaka 2018 katika Operesheni Sangara, ilichoma nyavu haramu kwa hoja ya kulinda samaki, na wavuvi wengi wakalalamika kwamba adhabu ziliwaelemea wao. Swali la nani anabaki na kipande gani cha samaki huyo, na kwa bei ya nani, ni la kwetu kuliuliza katika mabaraza, bungeni na mahakamani. Hatuhitaji kusubiri mgeni mwingine aje na kamera ndipo tulikumbuke, tukasirike kwa mwezi mmoja, kisha tulisahau.