Injini zinapovuma na kunyamaza juu ya Bonde la Ufa

Si ajabu ndege inayotoka Nairobi kuelekea Kisumu au Entebbe kutikisika ikikaribia Nakuru. Mashariki yapo Milima ya Aberdare, magharibi ukuta wa Mau, na katikati sakafu ya bonde inayochemshwa na jua la mchana. Isitoshe, wakati wa masika, mawingu ya radi ya Kericho na Nandi, yale yale yanayowamwagia wakulima wa chai mvua ya mawe, huweza kupanda hadi kimo cha ndege za masafa marefu.

Aghalabu kinachowaogofya abiria kuliko mtikisiko wenyewe ni mlio wa injini: huvuma, hufifia, kisha huvuma tena. Wapo wanaodhani injini imezimika. La hasha. Huo ni mtambo unaorekebisha nguvu za injini ili kasi ibaki ile iliyochaguliwa na rubani.

Taabu ni kwamba mtambo huo hufuata kasi tu, na hufuata kwa kuchelewa. Mkondo wa hewa ukiisukuma ndege juu, rubani wa mashine huinamisha pua ili kulinda kimo. Kasi hupanda, nao mtambo hupunguza nguvu. Mkondo ukikatika ghafla, kasi hushuka ilhali injini zimelegea, na injini kubwa huhitaji sekunde kadhaa kurejea. Katika futi 37,000 hewa ni nyembamba, na pengo kati ya kasi iliyozidi na kasi isiyotosha kuibeba ndege ni finyu.

Ndege ya Singapore Airlines ilikumbwa na hali ya namna hiyo juu ya Myanmar mnamo Mei 21, 2024. Hewa iliiinua hadi futi 37,362, rubani wa mashine akainamisha pua, kasi ikapanda, marubani wakafungua breki za hewa. Punde ikashuka futi 178 kwa sekunde 4.6. Abiria mmoja alifariki na makumi wakajeruhiwa.

Ndiyo maana mwongozo wa Boeing 737-800, aina inayotumiwa pia na Kenya Airways, humtaka rubani auzime mtambo huo katika msukosuko mkali na kuweka nguvu za injini mwenyewe. Airbus huruhusu ubaki ukifanya kazi, ila uzimwe mabadiliko yakipita kiasi.

Wakenya wanajua gharama ya nguvu za injini zisizopunguzwa. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka Machi 10, 2019 ikija Nairobi, na kuua watu 157, wakiwemo Wakenya 32, haikukumbwa na msukosuko. Kihisi kiliharibika, na mfumo wa MCAS ukaielekeza pua chini. Lawama kuu ni ya Boeing. Hata hivyo, ripoti ya awali ilionyesha kuwa injini zilibaki na nguvu za kupaa huku kasi ikivuka mipaka. Ripoti ya mwisho ilipotoka Desemba 2022, wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walilalamika kuwa utendaji wa marubani haukuchambuliwa vya kutosha.

Tangu 2014, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeweka viwango vya kuwafunza marubani wa ndege za abiria kuiokoa ndege iliyopoteza mwelekeo. Swali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) ni hili: katika mafunzo hayo, rubani huzoezwa kwa saa ngapi kushika nguvu za injini kwa mkono wake, akiwa juu kabisa, ndege ikitikisika?